Usimsemee Mzee: Ushauri kwa Mwanafunzi Anayekwenda Fildi Karagwe na Kyerwa

Kila Julai mabasi yanayoingia Kayanga hushusha vijana wenye mabegi mgongoni na bahasha ya chuo mkononi. Wengine wanasoma ustawi wa jamii, wengine maendeleo ya jamii, wengine sheria, utawala au sosiolojia. Wamepewa wiki chache za mafunzo kwa vitendo, zile mnazoziita fildi, na wachache kati yao wamechagua au wamepangiwa kazi ambayo marafiki zao hawaielewi vizuri: kutetea maslahi ya wazee mbele ya wanaotunga sera na kupanga bajeti. Mashirika huiita uchechemuzi. Makala hii nimewaandikia hao, na yeyote anayefikiria kuwafuata mwakani.

Jambo la kwanza la kujua huwezi kulikuta kwenye mwongozo wa chuo, nalo ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Siku unayokabidhi barua yako masjala, bajeti ya Halmashauri ya Wilaya ya Karagwe au ya Kyerwa imeshajadiliwa na madiwani, imeshapita bungeni Dodoma, na imeanza kutumika. Ukiandika katika ripoti kwamba serikali itenge fedha kwa ajili ya wazee, umebisha hodi katika nyumba ambayo wenyewe wameshafunga na kulala. Mlango hufunguliwa tena kuanzia mwezi Novemba, msimu wa senene, vijiji vinapoanza kuorodhesha vipaumbele vyao. Orodha hizo hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri, na mnamo Februari au Machi zikafika mbele ya Baraza la Madiwani. Wakati huo wewe umesharudi darasani Dodoma, Mzumbe, Tengeru au Kijitonyama.

Usikate tamaa. Miezi ya Julai, Agosti na Septemba ni ya kuandaa hoja itakayoingia mlangoni Novemba bila wewe kuwepo. Nimeona wanafunzi wengi wenye akili na moyo wakipoteza fildi yao kwa kutojua hilo. Walitaka kubadilisha jambo kwa wiki nane, wakaondoka na ripoti iliyojaa mapendekezo ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuyaona. Ripoti yangu mwenyewe, enzi zangu za chuo, ilikuwa hivyo. Ilipata alama nzuri. Wazee niliowahoji hawakupata hata nakala moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Tofautisha pia msaada na utetezi. Kuna desturi nzuri ya wanafunzi kuchangishana na kupeleka sukari, sabuni na mchele kwa wazee wasiojiweza. Fanya hivyo ukiweza, maana sabuni ni sabuni, na bibi anayelea wajukuu wanne anaihitaji leo jioni. Lakini usiiandike kwenye kitabu chako cha kumbukumbu kama kazi ya utetezi. Utetezi ni kumuuliza mwenye mamlaka kwa nini jambo aliloliahidi kwa maandishi halimfikii anayestahili, na kufuatilia hadi limfikie. Sabuni huisha kwa wiki moja. Utaratibu ukitengenezwa vizuri, unamhudumia mzee wa leo na atakayefikisha miaka 60 mwakani.

Kwa hiyo soma kwanza. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, na ndani yake mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 3.5 wa umri huo nchini, yaani asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imewaweka wazee wasio na uwezo miongoni mwa makundi yanayosamehewa kuchangia gharama za matibabu. Hapo ndipo vilipoanzia vitambulisho vya matibabu bure kwa wazee, na dirisha la wazee unaloliona kwenye baadhi ya hospitali na vituo vya afya. Mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Zisome zote kwa jicho moja: neno gani ni ahadi, neno gani ni wajibu, na nani ametajwa kuutekeleza. Sera huelekeza, sheria hufunga. Ndiyo sababu wanaharakati wa wazee upande wa Bara wamekuwa wakiomba sheria kwa miaka mingi, huku Zanzibar ikitunga yake mwaka 2020.

Zanzibar ina somo jingine. Tangu Aprili 2016, kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuwahi kuajiriwa, analipwa Pensheni Jamii na serikali yake. Kiwango kilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ina Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi. Na ukiwa Kyerwa huna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Simama Murongo utazame ng'ambo ya Mto Kagera. Kule Kikagati, upande wa Uganda, mzee wa miaka 80 anaingia katika mpango wa SAGE, unaompa shilingi 25,000 za Uganda kila mwezi. Fedha hiyo si nyingi, na umri huo ni mkubwa mno. Hata hivyo, watu wa pande hizi mbili wanaoana, wanauziana ndizi na kuzikana. Bibi wa Murongo mwenye ndugu yake ng'ambo anajua habari hizi kuliko mhadhiri wako. Akikuuliza kwa nini wao wanapata na yeye hapati, uwe na jibu la kweli: kwamba hapa tuna TASAF, ambayo hutambua kaya masikini na haitambui umri, na kwamba mzee anayeishi nyuma ya nyumba ya mwanawe yenye bati jipya anaweza kabisa asionekane kwenye hesabu hiyo.

Kuna pengo jingine ambalo nashangaa linazungumzwa kidogo mno. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni za wanawake, asilimia 4 za vijana, na asilimia 2 za watu wenye ulemavu. Mtafute humo mzee wa kiume wa miaka 66, mwenye afya, anayelima kahawa na migomba yake, anayehitaji mtaji mdogo wa mbolea. Hayumo. Bibi anaweza kuingia kwa mlango wa wanawake, endapo kikundi cha wanawake vijana kitakubali kumdhamini mtu wa umri wake. Hiyo ni mada nzima ya utafiti wa fildi, na majibu yake yapo ofisi ya maendeleo ya jamii, hatua chache kutoka masjala ulikokabidhi barua.

Kuhusu mahali pa kujishikiza, una njia mbili. Ya kwanza ni halmashauri yenyewe, chini ya Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii. Ya pili ni shirika la kiraia. Karagwe ina bahati ya kuwa na Saidia Wazee Karagwe, linalojulikana zaidi kama SAWAKA, ambalo kazi zake zinafika Kyerwa pia. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya kamili mwaka 2012, na mpaka wa kiutawala haukugawa ndugu wala mashirika. Halmashauri itakufundisha jinsi uamuzi unavyopita na mahali unapokwama. Shirika litakufundisha kusikiliza. Ukipewa nafasi ya kuchagua, mimi ningekuambia nenda kwenye shirika, lakini omba siku moja kwa wiki ukae halmashauri. Vyovyote iwavyo, barua yako ishuke ngazi kwa ngazi: Mkurugenzi, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua nyumba ya mzee asiyetoka nje tangu mwaka juzi, na akikuona umepita bila kumsalimu hatakuonyesha.

Weka pia akiba ya nauli. Kutoka Omurushaka hadi Nkwenda na Isingiro, na kuendelea hadi Murongo, ni mwendo, na vijiji vingi viko mbali na barabara kuu. Bodaboda italila pato lako la mwezi ukijipangia vijiji saba. Chukua viwili. Kwa kweli kimoja kinatosha.

Sasa tuingie kwa mzee mwenyewe, maana hapa ndipo kazi inapoharibika au kupona.

Usiende asubuhi. Asubuhi mzee yuko kwenye kibanja chake, anapogoa migomba au anachuma kahawa, na hata yule asiyeweza kulima huamka akaenda kuitazama. Ukimsimamisha atakuja kwa adabu, atakujibu kwa kifupi, na akili yake itabaki shambani. Nenda alasiri. Salimia, kaa ulipoonyeshwa, na usitoe karatasi mapema. Katika mkoa huu utasikia mwanamume mtu mzima akiitwa Ta na mwanamke akiitwa Ma mbele ya jina lake. Mwulize mwenyeji wako namna inayofaa kwa kila mmoja, na usimwite mtu “mhojiwa” hata kama fomu imeandika hivyo.

Lugha ni suala zito kuliko wanafunzi wanavyodhani. Wazee wengi wa Karagwe na Kyerwa wanasikia Kiswahili na wanaweza kukujibu, lakini maumivu na mambo ya ardhi huyasema kwa Kinyambo. Ukitegemea Kiswahili pekee utapata majibu ya adabu: “Tunashukuru serikali, shida ni ndogo ndogo tu.” Tafuta mkalimani, na umchague kwa uangalifu. Mjukuu wa nyumbani ndiye wa karibu na wa bure, lakini je, kama shida ya mzee ni huyo mjukuu? Kama mwana wa kwanza ameanza kukata migomba ya mama yake na kuuza kipande cha kibanja, bibi huyo atasema nini huku mwana huyo ameketi kizingitini? Mwanamke wa makamo anayeheshimika kijijini, asiye ndugu wa nyumba ile, kwa kawaida anafaa zaidi.

Hapa nikuombe ukasome hukumu moja ya mkoa huu wa Kagera. Mwaka 1988, katika wilaya ya Muleba, Holaria Pastory aliuza kwa shilingi 300,000 ardhi ya ukoo aliyoirithi kutoka kwa baba yake kwa wosia. Bernardo Ephrahim, mtu wa ukoo wake, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha kwamba kwa mila mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba Holaria alikuwa na haki hiyo sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba imekataza ubaguzi. Wanafunzi wa sheria hufundishwa kesi hii kama kesi ya haki za wanawake, na ndivyo ilivyo. Lakini rudi kwenye maelezo yake ya mwanzo. Holaria aliuza ardhi kwa sababu uzee ulikuwa umemwelemea na hakuwa na mtu wa kumtunza. Ukoo uliokuwa na sauti juu ya ardhi yake haukuwepo alipohitaji mtu wa kumtunza. Mjane yeyote utakayemkuta Karagwe au Kyerwa anaweza kuwa katikati ya jambo hilohilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshasema kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, ila karatasi hiyo haijafika kwenye vikao vingi vya ukoo.

Ndiyo maana usiridhike na wazee utakaoitiwa ofisini. Mwambie Mtendaji unataka kuonana na wazee wa kijiji, na kesho yake utakuta wanaume saba waliovaa makoti, wengi wao waliowahi kuwa viongozi, na mwanamke mmoja amekaa pembeni. Waheshimu, wana mengi ya kukuambia. Historia ya ufalme wa Karagwe tuliyonayo leo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kumbukumbu za wazee wa namna hiyo. Lakini baada ya kikao omba upelekwe kwa wasioweza kutembea, kwa wajane, na kwa bibi wanaolea wajukuu. Kagera ndiyo iliyoripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, na kilichofuata kiliwarudisha bibi wengi kwenye kazi ya ulezi wakiwa wamechoka. Huko Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa bibi kama hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha ya bibi haikuishia kwa bibi. Iligeuka chumvi na sabuni ya nyumba nzima, na viatu vya mjukuu vya kwendea shule. Hoja hiyo ibebe unapokutana na diwani anayesema kuwapa wazee fedha ni hasara.

Umri nao utakusumbua. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho cha NIDA mara nyingine ni wa kukisia. Kosa la miaka mitano kwenye kadi linamnyima mtu huduma kwa miaka mitano. Jifunze kukadiria kwa matukio. Aliyekuwa ameshaanza shule Uhuru unapatikana mwaka 1961 ameshapita 65 kwa hesabu yoyote. Aliyekuwa tayari na mtoto wakati majeshi ya Amin yanavuka mpaka Oktoba 1978, inaelekea ameshafikisha 60. Andika tukio alilolikumbuka na alikuwa akifanya nini siku hiyo, kisha umpelekee Mtendaji athibitishe. Na ukiambiwa kwamba mzee alikwenda kusajiliwa akarudi kwa sababu mashine haikusoma vidole vyake, amini. Miaka 50 ya jembe hufuta alama za vidole.

Baada ya wiki mbili au tatu daftari lako litajaa. Macho, magoti, maji ya mbali, mwana mlevi, bei ya kahawa, mnyauko wa migomba, upweke. Kishawishi ni kuandika yote. Chagua moja. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kila unayemwacha umemwona kwa macho. Lakini ofisa anayepokea madai kumi na mawili hujibu kwa hotuba, na anayepokea dai moja lenye tarakimu hulazimika kujibu ndiyo, hapana, au lini.

Tuseme wazee wa kijiji ulichopo wamechagua dawa. Wana kitambulisho cha matibabu bure, wanakwenda zahanati, wanaandikiwa, halafu wanaambiwa dawa hakuna, wakanunue dukani. Usiandike kwamba wazee wanalalamika kukosa dawa. Kaa na wazee wenyewe mtengeneze daftari la safu nne: tarehe, dawa iliyoandikwa, kama ilipatikana au la, na fedha aliyotoa mzee siku hiyo pamoja na nauli ya bodaboda. Mzee mmoja anayejua kusoma alihifadhi. Mwalimu mstaafu anafaa sana, na karibu kila kijiji kinaye. Kila anayetoka zahanati apite kwake. Mwezi mmoja ukipita mtakuwa na kitu ambacho hata Mganga Mkuu wa Wilaya hana: mnajua ni dawa ya shinikizo la damu inayokosekana, inakosekana wiki zipi, na wazee wangapi walirudi nyumbani mikono mitupu. Njia hii si ngeni nchini. Shirika la HelpAge International lilianza mwaka 2002 kuisaidia Tanzania na nchi nyingine chache kujenga utaratibu wa wazee kufuatilia wenyewe huduma wanazostahili. Nguvu yake iko katika mwenye daftari. Daftari likiwa la mwanafunzi, linaondoka na mwanafunzi.

Kisha mtafuteni mwenye jibu, na anzieni chini. Mganga mfawidhi wa zahanati asisikie habari hizi kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa hadhara. Mfuate kwanza pamoja na wazee wawili, mwonyesheni daftari. Mara nyingi mtakuta naye ameomba dawa hizo na hakuletewa, na kuanzia hapo yuko upande wenu na atawapa nakala ya maombi yake. Baada ya hapo nendeni kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, halafu serikali ya kijiji, halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kijana mwenye hasira anayemwaibisha mtumishi mbele ya watu hupata makofi siku hiyo, na wazee hubaki na mtumishi huyo mwaka mzima.

Katika vikao hivyo, nyamaza. Najua umesoma, najua unaweza kuieleza hoja kwa dakika tano ikaeleweka. Nyamaza hivyo hivyo. Siku mbili kabla, fanyeni mazoezi na mzee mwanamke na mzee mwanamume waliochaguliwa na wenzao. Wakubaliane nani aanze, nani asome tarakimu, na dai litamkwe vipi kwa sentensi moja. Kazi yako ni kuhakikisha wamefika, wamepata kiti, na ajenda yao imeandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari ndio ushahidi. Neno ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao halikusemwa.

Baraza la Wazee la kijiji, ambalo serikali imeelekeza liwepo kuanzia kijiji hadi taifa, ndilo linalopaswa kubeba jambo hili. Uliza kama lipo, nani wamo, na lilikaa lini mara ya mwisho. Ukikuta lipo kwa jina tu, wiki zako zote zinaweza kwisha kwa kulifufua, na hiyo itakuwa fildi iliyofaulu. Ukihitaji sauti ifike mbali, Redio FADECO iko hapo hapo Karagwe. Mzee mmoja akizungumza redioni jioni kuhusu daftari la dawa, watu wanaomfahamu wanasikiliza, na viongozi wanasikiliza pia.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Fildi nyingi huisha kabla ya siku hiyo, lakini maandalizi yake utayakuta. Kutakuwa na kwaya, ngoma, risala na mgeni rasmi, na mtu atasema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Omba kuwa katika timu inayoandika risala. Mara nyingi risala huandikwa na ofisa kijana usiku wa kuamkia sherehe, ikaja na shukrani kurasa mbili na maombi ya jumla. Wape wazee nafasi ya kuweka ndani yake lile dai moja na tarakimu zake, na tarehe wanayotaka wajibiwe. Mgeni rasmi akiahidi, atakuwa ameahidi mbele ya watu.

Nina maneno mawili juu ya heshima, na sitayarefusha. Usiahidi kitu. Mzee atakuuliza, “Kwa hiyo mtatuletea lini?” Mjibu siku ya kwanza kwamba huleti kitu, umekuja kujifunza na kusaidia kupanga hoja. Wengine wataondoka, na ni haki yao. Pili, picha. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, bibi aliyelala mkekani na nguo yake iliyochanika si mapambo ya ukurasa wako wa mtandao. Mpige akiwa ameketi, amevaa kitenge chake alichokichagua, amekubali, na ameonyeshwa picha yenyewe. Majina ya wagonjwa na ya wenye migogoro ya ardhi yasitoke nje ya daftari.

Wiki ya mwisho usiitumie kuandika ripoti ya chuo peke yake. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa zinazosomeka na macho ya miaka 70: tulichokikuta, tunachoomba, tunamwomba nani, kikao kinachofuata ni lini. Toa nakala nne. Moja kwa Baraza la Wazee, moja kwa Mtendaji wa Kijiji, moja kwa diwani, moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Zisome kwa sauti mbele ya wazee kabla hujazisambaza, na wakikuambia hapa umekosea, sahihisha mbele yao. Kisha mkabidhi mwalimu mstaafu kalenda ya bajeti uliyoichora kwa mkono, ukiwa umezungushia mduara miezi ya Novemba hadi Machi, na namba za simu za ofisi zinazohusika.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule wa mwisho wa mwaka, unaojadili vipaumbele vya bajeti, utakukuta darasani. Siku hiyo mpigie simu yule mwalimu jioni, umwulize kama daftari lilisomwa.